Wateja wa Barabara ya Singe

Saa nane mchana.

Kirikuu, kigari cha mizigo cha kampuni, ilikuwa imeshatoka godauni. Sadallah aliichungulia kwenye mwanya wa mlango, akiwa chumba cha nyuma cha fundi matairi pale Nangara. Ilipita taratibu, bodi lake la bati limeandikwa LETEWA kwa rangi ya chungwa. Simu yake ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Jenifa, binti wa kufunga vifurushi huko huko godauni. Imeondoka. Dereva yuko peke yake.

"Vishikwambi vya walimu vimo," Sadallah aliwaambia wenzake wawili. "Na simu. Nasema mara ya mwisho, halafu tunatoka."

Alichora kwa mkaa sakafuni. Mstari: barabara ya Singe. Duara: mteremko wenye mashimo, ambako kila gari linapunguza mwendo. Msalaba: tanuru la matofali lililoachwa, huko Mutuka, ambako gari aina ya Noah lilikuwa linasubiri mzigo.

"Herieli anasimama mteremkoni na jaketi lake la kampuni. Dereva, Theodory, anamwona rafiki yake, anasimama. Aminiel anatoka migombani na chuma. Mimi natangulia na pikipiki. Swali?"

Aminiel hakuwa na swali. Alikuwa anatafuna karanga, bastola imelala mapajani.

Herieli alikuwa nalo. Tangu jana.

"Na dereva?"

"Dereva kafanya nini?"

"Ananifahamu."

"Ndiyo maana atasimama."

"Nauliza itakuwaje baadaye. Baada ya mzigo."

Aminiel alicheka. Sadallah hakucheka. Alifuta mchoro kwa soli ya kiatu.

"Baadaye atapumzika, mzee baba. Twende."

Walitoka kwa njia ya mashambani, watatu wamepakiana mshikaki kwenye pikipiki moja. Herieli alikuwa katikati. Bastola ya Aminiel ilimchoma mgongoni kila waliporuka tuta.

Kampuni ya Letewa aliianza Shani kabla haijawa na jina. Mkoa wa Manyara ulipozaliwa na Babati ikawa makao makuu, walihamishiwa watumishi kutoka kila pembe ya nchi, wakakuta madukani hakuna walivyovizoea. Shani alikuwa anauza vitenge karibu na stendi. Akaanza kuwaagizia Arusha, kwa makondakta wa mabasi. Mzigo ukifika, Herieli na Theodory waliusukuma kwa mkokoteni mmoja, mmoja anavuta, mwingine anasukuma, wakitukanana njia nzima kwa furaha. Zikaja simu za picha, watu wakaagiza kwa WhatsApp. Ikaja tovuti, likaja godauni, zikaja kompyuta na mabinti wa kubandika lebo. Mkokoteni ukawa bajaji, bajaji ikawa kirikuu. Herieli akaomba hisa. Akapewa jaketi. Akaondoka siku hiyo hiyo, jaketi likiwa mwilini.

Kila alichokijua kuhusu kampuni alishamwambia Sadallah, isipokuwa kitu kimoja. Huko Singe nyumba hazina namba. Gari likiwa linapakiwa, wateja wote wanapigiwa simu watoke wasubiri barabarani. Sadallah amekulia Arusha, alidhani mzigo unapelekwa mlangoni. Hakuuliza. Herieli naye hakusema, na kwa nini hakusema, mwenyewe hakujua vizuri.

Saa nane na nusu.

Kirikuu ilishuka mteremko, ikasimama. Theodory alitoa kichwa dirishani.

"Baba Romana! Hilo jaketi hujalivua tu? Linanuka mpaka huku!"

"Nipe lifti."

"Panda. Lakini ukianza habari za hisa, nakushusha."

Herieli alifungua mlango. Alitaka kusema kanyaga mafuta, ondoka. Aminiel alichomoka migombani, akampita, akajisukuma katikati ya kiti, bastola ikazama ubavuni mwa Theodory.

"Fuata pikipiki ile. Ukipiga kelele nakumaliza."

Theodory hakuitazama bastola. Alimtazama Herieli, kwa muda mrefu, kisha akaingiza gia. Afadhali angetukana.

Herieli akapanda pembeni, wakaondoka. Mbele, vumbi la Sadallah. Baada ya kona ya kwanza, mama mmoja mwenye mwavuli aliinua mkono.

"Pita!" Aminiel alisema.

Wakapita. Kwenye kioo cha pembeni Herieli alimwona mama akikimbia nyuma yao, kisha akasimama, simu sikioni. Simu ya Theodory ikaanza kuita juu ya dashibodi. Ikakata. Ikaita tena. Na mbele walionekana wengine, wawili wamesimama, mmoja ameketi juu ya gogo, wote wanatazama gari.

"Hawa ni nani?"

"Wateja," Theodory alisema.

"Wamejuaje tunapita?"

"Wamepigiwa. Wamejipanga hivyo mpaka Mutuka. Nikiwapita wote watampigia Shani, na Shani atawapigia polisi."

Aminiel aligeuka. Alimkazia Herieli macho.

"Mzee. Ulilijua hili?"

"Enzi zangu halikuwepo," Herieli alidanganya. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mgonjwa.

"Simama. Mzee, wewe shuka, wape vitu vyao upesi. Ukikimbia, huyu nampasua."

Ndivyo jambazi Herieli alivyorudi kazini. Alifungua bodi, akasoma majina kwenye vifurushi, akagawa. Wawili walipokea wakaondoka. Wa gogoni alikuwa Mama Xaveria, mteja tangu enzi za mkokoteni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba Romana! Wamekurudisha?"

"Wamenirudisha. Chukua, tuna haraka."

"Ngoja nifungue."

"Ukafungulie nyumbani, mama."

"Nyumbani! Mwaka juzi niliagiza sufuria nikaletewa ndala. Nafungulia hapa hapa."

Alibandua gundi kwa kucha, polepole, kama anamenya yai. Aminiel aligonga kioo kutoka ndani. Ndani ya boksi ilikuwamo chupa ya chai ya bluu.

"Nilisema nyekundu."

"Mama, nakuomba."

"Siichukui! Ni zawadi ya harusi hii, wenyewe wameshona sare nyekundu!"

Kioo kiligongwa tena, kwa nguvu. Herieli alitazama shingo ya Theodory kupitia dirisha. Ilikuwa imelowa jasho, haisogei. Tanuru halikuwa mbali. Kule hakuna mteja anayesubiri. Akapaza sauti, Aminiel asikie kila neno na adhani ni ugomvi wa mteja tu.

"Basi mpigie Shani umlalamikie! Sasa hivi! Mwambie aliyekuletea ni Herieli, Baba Romana. Nitaje kwa jina!"

"Nitakutaja! Unadhani nakuogopa?"

Alipopanda, Aminiel alimsonya.

"Unatoa jina lako, mjinga wewe?"

"Alishalijua."

"Endesha."

Saa tisa.

Shani alimjua kila mtu aliyemwajiri, na Herieli hakuwamo tena. Mama Xaveria alipomaliza kufoka, Shani aliwapigia polisi. Halafu, kama ilivyokuja kusemwa mahakamani, akawapigia wateja waliobaki mbele, mmoja mmoja.

Kwenye kona ya kuingilia Mutuka barabara ilikuwa imezibwa. Mkokoteni wa ng'ombe ulilala kati, magogo huku na huku, na nyuma yake watu wenye majembe na mapanga. Sadallah alifika wa kwanza. Aligeuza pikipiki, akarudi mbio, akapita ubavuni mwa kirikuu. Hakupunguza mwendo.

"Oya! Sada! Sadallah!" Aminiel alipiga kelele.

Vumbi lilimjibu.

Kirikuu ikasimama. Aminiel alihema, akamgeukia Herieli.

"Ni wewe. Umetuchomesha." Alikuwa anaogopa kuliko wote. "Namaliza huyu, halafu wewe."

Bastola ilipanda hadi kichwani mwa Theodory. Herieli aliidaka kwa mikono miwili. Ikalia, ndani ya kile kibanda kidogo cha bati, na dunia ikawa nyeupe. Risasi ilimtoboa kiganja, ikatokea juani kupitia paa.

Milango ikang'olewa. Mikono ikawavuta.

"Majambazi! Leteni petroli!"

Herieli alijikojolea, na hakuona aibu. Juu yake alimsikia Theodory, damu ikimchuruzika sikioni, akipaza sauti kupita kiasi kwa sababu hakujisikia mwenyewe:

"Huyu mwacheni! Huyu aende polisi! Huyu!"

Kuhusu Aminiel hakusema kitu.

Aminiel alipigwa mawe, akafia hospitali kesho yake. Sadallah alikamatwa Kondoa, pikipiki ilimwishia mafuta. Jenifa alifungwa. Noah ya tanurini haikujulikana ilikuwa ya nani. Walimu walipata vishikwambi vyao vyote. Mama Xaveria alipelekewa chupa nyekundu, bure, harusi ikiwa imeshapita. Shani amefungua tawi Katesh, na madereva wake sasa wanatoka wawili wawili.

Theodory hasikii kwa sikio la kushoto. Mahakamani aliulizwa kama mshtakiwa ndiye aliyemwokoa. Alijibu, "Ndiye." Akaulizwa nani alimsimamisha mteremkoni. Alijibu, "Ndiye huyo huyo."

Herieli alipata miaka thelathini.