Kidole Kisichosomeka

Mashine ilimkataa mara ya kwanza, ikamkataa mara ya pili, na mara ya tatu ikalia kwa sauti kali hadi foleni nzima ikageuka kumtazama.

"Kaka, weka kidole vizuri," alisema mhudumu wa kaunta.

"Nimeweka vizuri tangu asubuhi. Au unataka niweke kiwiko?"

Watu wakacheka. Alikuwa fundi wa vigae, kijana mrefu mwenye mabega mapana, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa ajili ya safari hiyo moja tu ya kusajili laini ya simu. Saruji ilikuwa imezila ncha za vidole vyake hadi zikalainika kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Ofisi ilikuwa na feni moja, na hiyo nayo ilizunguka kwa uvivu.

Nyuma yake alisimama mwanamke wa gauni la bluu, nywele amezibana kisogoni, mkoba begani.

"Samahani, kaka. Naomba mkono wako."

"Hivi hivi? Hata jina hujaniuliza?"

"Jina analitaka mhudumu. Mimi nataka kidole."

Foleni ikapiga miluzi. Mwanamke hakujali. Alitoa mafuta mkobani, akampaka kidole cha pete cha mkono wa kushoto, akakisugua taratibu, akakifuta kwa kitambaa. "Hiki hakifanyi kazi sana kama wenzake. Na usikandamize. Nyie watu wa kazi nzito mnakandamiza kama mnagombana. Gusa tu."

Akagusa. Taa ikawaka kijani.

"Wewe ni mganga?"

"Ni mchunguzi wa alama za vidole. Niko maabara."

"Basi nimeshakamatwa."

"Bado. Vidole vyako vimechoka tu. Ukivipumzisha, mistari inarudi yenyewe."

"Na fundi akipumzika, anakula nini?"

Mchunguzi akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomfanya Fundi amngoje nje, juani, mpaka naye alipomaliza shida yake.

Mapenzi yao yalishika kasi. Fundi alimwita Wino. Mchunguzi alimwita Fundi Wangu, na hivyo ndivyo alivyomwandika kwenye simu. Dada mkubwa wa Fundi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa akimpigia Mchunguzi kila Jumapili. "Wifi yangu, huyo mdogo wangu anakula? Akikusumbua niambie nije na mwiko!"

Mwaka huo cheti cha Mchunguzi kilikuwa kinafika mwisho. Katika kazi yake cheti hakipatikani mara moja ukalala. Kila baada ya miaka mitano unarudi kusomeshwa, unapewa alama ngumu uzitambue peke yako, kisha unakula kiapo kwamba hujaficha kitu wala kumpendelea mtu. Ukishindwa, husimami tena mahakamani kutoa ushahidi. Jioni alikuwa akifanya mazoezi mezani kwake, kioo cha kukuzia jichoni, na alama ngumu kuliko zote alizipata bure: za Fundi.

"Lete mkono."

"Jana umeuchukua, leo tena? Hicho cheti ni mume mwenzangu."

"Vidole vyako ni vibaya, laazizi. Nikiweza kuvisoma hivi, nitasoma vya dunia nzima." Akavipaka wino, akavibiringisha kwenye karatasi kimoja kimoja. Kwenye kidole cha pete palikuwa na kovu la kisu cha kukatia vigae, limepita mshazari kama mlango uliopigwa komeo. Alilijua kovu hilo kuliko alivyoijua sauti ya mama yake.

Asubuhi moja simu yake ililia kazini. Ujumbe wa Fundi:

*Kidole kimesagika, alama hazisomeki,*
*Mashine zimenichoka, jina langu halitoki,*
*Wewe tu umenishika, ukanisoma kwa haki,*
*Moyoni umeandika, na wino haufutiki.*

Akapiga papo hapo. "Nani amekutungia?"

"Nani? Mimi hapa na ndoo yangu! Unadhani fundi hana kichwa?"

"Uko wapi leo?"

Fundi akasita kidogo. "Niko shuleni, ng'ambo ya mji. Tunabandika vigae vyooni."

Wiki iliyofuata duka la sonara lilivunjwa, mikufu na pete zikabebwa. Alama zilizookotwa zikaletwa maabara. Mwenzake wa kazi alizipitia, na moja iliyotoka ndani ya kabati la vioo akaiweka pembeni. "Haisomeki. Mistari imelika. Weka sahihi yako tuendelee."

Utaratibu ulidai jicho la pili. Mchunguzi akainamisha kioo chake, na kovu la mshazari likamtazama.

Akaitoa simu, akaliangalia jina la Fundi Wangu, akailaza kifudifudi mezani. Kumpigia kungekuwa kumtahadharisha mshukiwa. Kunyamaza kungekuwa rahisi kuliko vyote: neno moja, haisomeki, na sahihi. Macho mengine yote ya maabara ile yasingeliona kovu. Lakini wiki hiyo hiyo alikuwa anakwenda kula kiapo. Na kilichomchoma zaidi ya kiapo ni swali moja: mtu wa vyoo vya shule alifika vipi ndani ya kabati la sonara?

Akaenda kwa mkuu wa maabara. "Namfahamu mwenye kidole hiki. Ni mchumba wangu. Naomba nitolewe kwenye kesi, na mwingine aipime upya."

Fundi alikamatwa kazini, mikono ikiwa na saruji mbichi, mbele ya wasaidizi wake na mwenye nyumba. Polisi hawakumpa hata maji ya kunawa. Saruji ilimkaukia mikononi akiwa ndani ya gari lao.

Usiku huo dada yake akapiga simu. Hakusema wifi.

"Afisa," alisema. "Utalala salama?"

"Dada, nisikilize..."

"Mimi dada yako tangu lini? Mikono uliyoipaka mafuta ndiyo umeitia pingu. Hongera." Simu ikakatika.

Polisi walimwachia Fundi baada ya sonara kurudi kutoka safari. Mzee huyo alishangaa kuulizwa. Ndiyo, kijana alimbandikia vigae vya chumba cha nyuma. Hakutaka pesa, alitaka pete. Alipewa ruhusa afungue kabati achague, akachagua mchana kutwa, akishika hiki na kurudisha kile, mpaka wateja wakamcheka. Pete yenyewe ilikuwa imewekwa kando ndani ya kabati, ikingoja vigae vikauke. Wezi waliibeba pamoja na nyingine.

Mchunguzi alimngoja nje ya lango la kituo. Gauni lilikuwa lile lile la bluu. Fundi alitoka shati limekunjamana, ndevu zimeota, vidole vimepasuka.

"Kwa nini uliniambia uko shuleni?"

"Pete mtu huitangaza?" Alicheka bila furaha. "Simu moja, Wino. Ungenipigia ukaniuliza, ningekwambia, hata kama ningeharibu mshangao wangu."

"Simu moja ndiyo ingekuwa kosa lenyewe. Nisingeweza tena kusimama mbele ya hakimu nikamwambia aniamini."

"Na mimi nisimame mbele ya nani? Yule mwenye nyumba amekwishaleta fundi mwingine. Unajua kazi yangu? Naingizwa vyumbani mwa watu. Nani ataniingiza tena?"

"Ulisafishwa. Wameandika kabisa kwamba huna hatia."

"Karatasi hiyo nitaibandika mlangoni kama kigae?"

Mchunguzi akanyoosha mkono kumshika. Fundi akarudisha wake nyuma, taratibu, bila hasira.

"Sema tu kweli. Kama cheti kisingekuwa kinaisha, ungenyamaza?"

Mchunguzi alijijua kuwa mtu asiyesema uongo, na alijitafuta hapo, langoni, juani, asipate jibu la kuapia. Fundi alingoja kadiri ya subira ya mtu mwenye kiburi, kisha akaondoka.

Mchunguzi akafaulu. Alama zote alizitambua, hata zile zilizolika. Cheti kipya kikatundikwa ukutani, na chini yake meza ikabaki na kidau cha wino kilichokauka.

Miezi ikapita. Siku moja simu yake ikaanguka ndani ya maji, akaenda ofisini kurudisha laini. Foleni ndefu, feni ile ile. Mbele yake, kwenye kaunta, mtu mwenye mabega aliyoyajua.

"Kidole, kaka," alisema mhudumu.

Fundi akagusa kwa kidole gumba, bila mafuta, bila kusugua. Taa ikawaka kijani papo hapo.

Akageuka na kumwona. Mikono yake ilikuwa laini, safi, mikono ya mtu asiyegusa saruji.

"Zimerudi," alisema. "Ulisema zikipumzika zinarudi."

"Zimepumzika tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Fundi Wangu..."

"Ulinisoma kwa haki, Wino. Mwenyewe nilikusifia." Akatabasamu kidogo, kama mtu anayemuaga mgonjwa, akapenya katikati ya watu hadi mlangoni. Shati jeupe likapotelea juani.

"Dada, ni zamu yako. Weka kidole."

Mchunguzi akajifuta macho, akaweka. Mashine ikamkataa. Akaweka tena, ikalia kwa sauti kali, na foleni nzima ikageuka kumtazama.

"Kausha kidole kwanza, dada," alisema mhudumu. "Kimelowa."