Jina la Pili la Eckhart Lüdemann

Januari ile ya 1956, mkahawa wa kituo cha Dammtor jijini Hamburg ulijaa watu waliokimbia baridi, si waliosubiri treni. Makoti yenye theluji inayoyeyuka yalitoa harufu ya sufu na tumbaku, na juu ya kaunta redio ilipiga muziki mwepesi, ule ambao watu huuweka ili wasisikie ukimya wao wenyewe. Gesine Harmsen, aliyevaa koti la kijani lenye kola ya manyoya iliyochakaa, alikuwa ameshika kikombe cha kahawa asijue pa kukiweka. Mwanamume mrefu mwenye kofia nyeusi akamsogezea nafasi mezani pake.

"Ahsante," alisema Gesine. Kisha, akiielekezea redio kidevu: "Na samahani kwa kelele hizi."

"Kwani unazipiga wewe?"

"Kinubi ni mimi, nipo kwenye okestra ya redio; hii ni rekodi yetu. Subiri. Hapo, umesikia? Nimesoma ujana wangu wote ili niparaze nyuzi kama mtu anayepangusa vumbi. Aliyetunga haya lazima ni bwana mnene anayeshinda akila keki."

Mwanamume aliitazama redio kwa muda.

"Keki siipendi sana," alisema.

Mashavu ya Gesine yakashika moto. "Wewe ndiye Rolf Castell, mtunzi wake?"

"Siku za kazi. Jina nililobatizwa ni Eckhart Lüdemann."

Lüdemann alikuwa ametunga simfoni mbili, na kila moja ilikuwa imepigwa mara moja, mbele ya wasikilizaji waliovumilia kwa heshima. Castell alitunga vipande ambavyo nchi nzima ilivipigia mluzi ikikata mkate. Hakuna aliyeona ajabu. Muziki mzito na muziki mwepesi vilikuwa na rafu zake, waamuzi wake na wajane wake, na mtunzi aliyegusa vyote viwili alihitaji majina mawili, kama mume mwenye wake wasiojuana. Watu wa fani wote walijua nani ni nani, na wote walijifanya hawajui.

Februari ziwa la Alster likaganda, na jiji lote likahamia juu yake. Eckhart na Gesine walitembea wakinywa divai ya moto katikati ya ukungu mweupe, taa za ufukweni zikielea kama zimesahau kushikiliwa na nguzo. Chini ya miguu yao barafu ilitoa sauti nzito, ndefu, isiyotoka mahali popote.

"Umeisikia?" aliuliza Eckhart. "Nitakuandikia hiyo."

"Nipanguse vumbi la barafu?"

"Kinubi kiongoze, okestra nzima ikufuate nyuma."

"Basi usimpe yule Castell. Andika wewe."

"Nani mwingine aandike, mpenzi wangu?"

Hilo neno la mwisho alikuwa hajapata kulitamka mbele yake, nalo likayafunika yaliyotangulia. Watu walioshikana mikono juu ya barafu hawasikilizani kwa makini. Eckhart alidhani anataniwa. Gesine alidhani ameahidiwa.

Juma lililofuata Profesa Vossberg wa chuo cha muziki alimwita Eckhart ofisini. Nafasi ya kufundisha utunzi ilikuwa wazi, na uamuzi ungetolewa baada ya Pasaka.

"Tunatumaini, Bwana Lüdemann," alisema profesa akifuta miwani yake, "kwamba huyo Castell ni uvumi tu."

"Watu husema mengi, Profesa."

Machi karatasi za muziki zikagawiwa studioni: *Barafu ya Alster*, mtunzi Rolf Castell. Gesine akapiga kila noti kama ilivyoandikwa, akafunika kinubi, akaenda kwenye simu.

"Hujambo, Bwana Castell."

"Gesine! Umekipenda kipande?"

"Ni kizuri sana. Ndiyo maana nimeudhika. Nilikuomba usimpe yule."

"Lakini ndivyo tufanyavyo sote. Mambo ya okestra ya redio..."

"Yale ya kwenye barafu nayo yalikuwa mambo ya okestra ya redio?"

"Ni jina tu, mpenzi."

"Kama ni jina tu, weka lako."

Eckhart alikifikiria chuo, pensheni, na mama yake aliyekuwa ameshawaambia majirani habari za kazi hiyo.

"Nimekuelewa," alisema Gesine. "Ukimwona Lüdemann, mwambie nilimngoja."

Akakata simu. Majuma yakapita, kila mmoja akiisubiri simu ambayo mwenzake naye aliisubiri. Eckhart alijifungia na simfoni ya tatu, lakini kila wazo alilolipata liligeuka, baada ya mistari michache, likawa kinubi. Husemwa kwamba mapenzi hutunga muziki. Kwa ushahidi uliopo, huharibu tu muziki mwingine wowote.

Jumapili moja ya Aprili okestra ilipiga moja kwa moja hewani. Gesine alikaa nyuma ya kinubi, gauni lake jeusi likimeta chini ya taa. Mtangazaji akakohoa.

"Sasa, wapendwa wasikilizaji, *Barafu ya Alster*. Mtunzi: Eckhart Lüdemann."

Mpiga tarumbeta mmoja akageuka kumtazama mwenzake. Fidla zilikuwa zimekwisha kuanza, taratibu, kama ukungu unaosogea. Gesine akaweka vidole kwenye nyuzi, na zamu yake ilipofika akaingia.

Baadaye alipiga simu kutoka chumba cha bawabu.

"Nani amemwambia mtangazaji?"

"Mimi. Aliniuliza kama nina homa."

"Na Vossberg?"

"Ameshapiga simu. Kumbe muziki mwepesi anausikiliza vizuri tu. Chuo kimepata mtu mwingine."

"Pole, Eckhart."

"Usinipe pole, nitaanza kujihurumia. Niambie kasoro ya kipande."

"Mwisho wake. Umeninyamazisha mapema, na mimi nilikuwa bado nataka."

"Njoo tukirefushe. Na ukija nina la kukuuliza."

"Uliza sasa hivi. Bawabu hasikii vizuri."

"Utakubali nikuoe? Sina cheo, na mama haniongeleshi."

"Ngoja nichukue koti," alisema Gesine.

Waliishi pamoja miaka mingi, kwa riziki ya muziki mwepesi. Simfoni ya tatu haikumalizika. Eckhart alipofariki, gazeti kubwa la jiji liliandika kwamba kipaji adhimu kilipotezwa bure. Mjane wake alilisoma wakati wa kifungua kinywa, akalikunja, akaenda kukaza nyuzi za kinubi.