Sauti ya Mtoto wa Paa

Rafiki yangu mmoja alikuwa mwindaji. Alikuwa akibana pua na kulia kama mtoto wa paa, na mama paa anakuja mbio mwenyewe hadi mbele ya bunduki. Aliwamaliza hivyo. Leo ameajiriwa kulinda msitu uleule: fisi kakabidhiwa bucha, tena bucha tupu.

Juzi mkubwa wake alimtuma akaangalie kama kuna paa aliyebaki. Ulikuwa mchana, lakini chini ya miti kulikuwa na giza. Akabana pua, akalia. Kimya. Hata ndege hakujibu. Akalia tena mpaka koo likamkauka, akarudi nyumbani jioni.

Akamkuta mkewe amesimama barazani.

"Baba watoto, kuna kitu kinahangaika humo ndani tangu mchana. Kinapiga mlango wa nyuma."

"Panya hao."

"Panya gani wana kwato?"

Akaingia. Madirisha yalikuwa yamefungwa, giza tupu. Akapapasa kwa mguu pale sebuleni alipokuwa ametandika ngozi ya paa jike miaka yote. Haikuwepo. Akaikuta kwenye mlango wa nyuma, ule unaotazama msitu. Chini yake sakafu ilikuwa imelowa maziwa, bado ya vuguvugu.