Mtoto Aliyetulia

Filamu ilikuwa ya harusi, ila bibi harusi hakuwa na uso. Fundi picha aliinyanyua dirishani, maji yakimchuruzika hadi kiwikoni. Katika kila picha watu walikuwa wametikisika, ukungu mtupu, isipokuwa mtoto mmoja wa kiume aliyesimama mbele yao, mikono ubavuni, ametoka wazi hata vifungo vya shati vinahesabika.

Fundi alimjua. Miezi mitatu nyuma, mshonaji wa jirani alimleta mwanawe kupigwa picha yake ya kwanza. Fundi alichagua filamu ya polepole, ile inayotaka mtu asitikisike, na mtoto akatulia tuli. Kosa lilikuwa la fundi: wakati wa kusafisha alifungua kopo la filamu kabla ya kutia dawa ya kugandisha picha, mwanga ukaila filamu yote. Lakini akiri? Fundi huyu!

"Mwanao hakutulia, mama," alisema, jicho kavu.

Mama akamzaba mtoto kofi palepale. Wiki iliyofuata mtoto akafa kwa homa, na picha hakuacha hata moja.

Sasa fundi akaweka filamu ya kasi, inayonasa hata kuku akikimbia, akampiga picha binti yake wa miaka sita, aone kama kamera ndiyo mbovu. Mchana huohuo akajifungia kwenye chumba cha giza, amezima hata taa nyekundu, akawa anaizungusha filamu kwenye gurudumu lake la kusafishia kwa kupapasa, mara dawa zote zikaacha kunuka na chumba kikajaa harufu ya jasho la mtoto mwenye homa, na vidole vidogo, vya moto, vikaishika filamu upande wa pili, vikamsaidia kuizungusha taratibu bila kukosea hata mara moja, na pumzi ikamfikia sikioni: "Mimi nilitulia."

Kwenye filamu, binti alikuwa ukungu. Yule mtoto alikuwa amemshika mkono.

Kesho yake mkono huo wa binti ukakakamaa. Fundi akamwita shangazi yake, mganga. Shangazi alinusa mlangoni tu, akafunga mkoba.

"Ubani wangu hapa haufui dafu, mwanangu," alinong'ona. "Nenda kwa mama yake ukaseme ulichofanya. La sivyo atamchukua wako."

Fundi akaenda. Mshonaji akasimamisha cherehani, akamtazama.

"Ile picha, mama... alitikisika kidogo tu. Usimlaumu sana."

"Nilimpiga, fundi," mama akasema, akaanza kulia.

Fundi alirudi mbio, akijilaani njia nzima. Binti yake alikuwa amesimama mbele ya kamera, mikono ubavuni, macho wazi yasiyopepesa, na shavuni vidole vitano vya kofi vimevimba. Alimwita, akamtikisa, akampulizia usoni. Hakusogeza hata ukope.

Kutoka chumba cha giza sauti ndogo ikauliza:

"Fundi, na huyu je? Ametulia?"