Sampuli za Siku ya Wanawake

Jumatano tarehe 8 Machi 2017, saa moja na dakika ishirini asubuhi, wanawake watatu waliingia katika kituo cha polisi cha Bwera wakiwa wamejifunika nyuso kwa vitenge. Ilikuwa Siku ya Wanawake, na tangu jioni iliyotangulia walikuwa wamejiandaa kwenda uwanjani waking'aa. Aliyewaleta ni Tabisa, mwanamke wa makamo ambaye kila siku ya soko, Jumanne na Ijumaa, hugawa sampuli za bure za mafuta ya kujipaka.

"Afande, angalia hawa watu," Tabisa alisema. "Ni mimi niliwapa jana, kwa soko. Nimewaona, nimewaleta."

Sajini Kilama, mpelelezi aliyezaliwa Gulu na aliyekuwa na mwaka wa sita katika kambi ya polisi ya Bwera, alimwomba wa kwanza ajifunue. Aliitwa Kemigisha, mke wa mwanajeshi. Ngozi ya mashavu yake ilikuwa imechubuka na kuinuka kama maganda ya kiazi kilichochemshwa kupita kiasi.

"Ulijipaka nini?"

"Mafuta ya Zerida. Ile ya bure."

"Kiasi gani?"

"Yote. Ilikuwa ya bure, afande. Ningebakisha kwa nani?"

Kilama aliandika jibu hilo bila kuinua macho. Alizichukua pakiti tatu zilizokwisha kutumika, akaagiza wanawake wapelekwe hospitali ya misheni ya Kisinga.

Zerida hakuwa mgeni kwa mtu yeyote wa wilaya. Nyuma ya soko kuu la Kasese alitengeneza mafuta magumu ya parachichi na nta ya nyuki, akakataa kabisa kuyatia katika plastiki. Aliyafunga kwa maganda makavu ya shina la mgomba, yaliyokunjwa mara nne na kufungwa kwa uzi wa mgomba huohuo. Pakiti ndogo, yenye mafuta ya kutosha uso mmoja, ilitolewa bure; kubwa iliuzwa. Watu walioipokea ndogo walirudi kuitafuta kubwa, na pakiti tupu waliitupa shambani ikaoza bila kumsumbua mtu. Mpango huo ulikuwa umemletea wateja kwa miaka miwili.

Saa tano asubuhi Zerida alikamatwa Kasese na kuletwa Bwera pamoja na shehena yake yote, pakiti mia nne. Mkuu wa kituo, Mwesigwa, hakuwa na shaka.

"Ijumaa saa tatu anakwenda mahakamani," alimwambia Kilama. "Na huo mzigo unachomwa mbele ya soko, watu waone."

"Afande, tumejua ni kitu gani kimewaunguza?"

"Kimetoka kwa pakiti yake. Unataka kujua nini tena?"

"Kama pakiti ni yake."

"Una mpaka Ijumaa saa tatu," Mwesigwa alisema. "Dakika moja zaidi haiko."

Saa nane mchana Kilama alimhoji Zerida. Mwanamke huyo hakulia.

"Mukichoma hiyo mzigo, afande, nimekwisha. Hata korti ikiniachilia baadaye, hakuna mutu atapokea kitu kwa mkono yangu tena."

"Nani anafunga pakiti?"

"Zamani mimi na Semakula. Tangu Januari, mimi peke yangu. Tabisa anachukua zikiwa tayari. Anagawa Bwera, halafu anavuka na zingine mpaka Kasindi, upande wa Kongo."

"Kwa nini Semakula aliondoka?"

"Nilimfukuza. Alikuwa anakuja saa nne, ananuka pombe. Alisimama mbele ya watu akasema nitamukumbuka."

"Na adui mwingine?"

"Mbabazi, wa duka la vipodozi hapo mbele yangu. Juzi aliambia wateja wangu, 'Hiyo ya bure itawaunguza.' Watu wengi walisikia."

Kilama alikwenda Kasese jioni hiyohiyo. Mbabazi, mwanamke mnene mwenye miwani ya dhahabu, alimpokea katikati ya makopo yaliyopangwa mpaka darini.

"Ndiyo nilisema," alijibu. "Wewe ungesema nini? Mtu anagawa bure mbele ya mlango wako, na wewe unalipa kodi ya nyumba! Nilisema kwa hasira. Mimi ni mfanyabiashara, si mchawi."

"Umewahi kugusa pakiti zake?"

"Zile za mgomba? Nyanya yangu alifungia chumvi ndani yake. Mimi nimesoma, afande."

Semakula alipatikana saa kumi na mbili na robo, akiwa bado hajalewa.

"Nilisema atanikumbuka, ssebo, na atanikumbuka," alisema, akimwita Kilama bwana kwa Kiganda. "Tangu nitoke, nani anamletea chumvi kutoka Katwe? Nani anachagua maganda? Mimi nilitaka aje kunibembeleza. Nikiunguza wateja wake, atanibembeleza na nini?"

Kilama aliiona hoja hiyo kuwa na akili kuliko mtoaji wake, lakini hoja si ushahidi.

Alhamisi saa moja asubuhi alifungua ofisi. Usiku alikuwa ameacha mezani pakiti sita, safu mbili: tatu za wanawake walioungua, na tatu alizozitoa katika shehena ya Zerida. Mende wa kituo, ambao hawakuwa na heshima kwa ushahidi, walikuwa wametafuna kingo za safu ya kwanza mpaka nyuzi zikatokeza. Safu ya pili haikuguswa hata kidogo. Kwa macho tu, pakiti zote sita zilikunjwa kwa ustadi uleule: mikunjo minne, fundo moja, ncha ya uzi ikifichwa ndani.

Alikwenda mahabusu.

"Zerida, kwa nini mende hawali pakiti zako?"

"Chumvi," alijibu bila kufikiri. "Ganda kavu ukilikunja linavunjika, lazima ulilowanishe kwanza. Mimi nalowanisha na maji ya chumvi ya Katwe, halafu mende na sisimizi hawaligusi. Hata mama yangu alifanya hivyo."

"Tabisa amewahi kuona ukilowanisha?"

"Ataona wapi? Yeye anakuja kuchukua zikiwa zimekauka."

Kabla ya saa nne Kilama alikuwa mpakani Mpondwe, akizungumza na ofisa wa forodha.

"Mwenye sampuli? Tunamujua," ofisa alisema. "Anakwenda na kikapu imejaa, anarudi na kikapu imejaa. Anasema zimebaki. Hatufungui, afande, ni vitu vya bure. Hata bibi yangu iko na moja."

Saa kumi alasiri watu watano walikusanyika katika ofisi ya mkuu wa kituo: Zerida, Mbabazi, Semakula, Tabisa, na Mwesigwa mwenyewe, aliyekuwa akitazama saa. Mezani palikuwa na maganda makavu ya mgomba, mabeseni matatu ya maji, kopo la mafuta, na kisahani cha chumvi.

"Kila mtu afunge pakiti moja," Kilama alisema. "Zerida atazame tu. Semakula, anza."

Semakula alichovya kidole katika beseni lake, akakilamba, akakunja uso.

"Haya ni maji ya kunywa, ssebo." Alichota chumvi, akakoroga, akalowanisha ganda, akakunja na kufunga.

Mbabazi alichukua ganda likiwa kavu. Lilikatika. La pili likakatika.

"Mimi nauza kopo, afande," alisema akitokwa na jasho. "Kopo linajifunga lenyewe."

Tabisa alicheka. "Umeona, afande? Huyo hata akiwa na sumu, angeweka wapi?" Alichovya ganda katika beseni lake, akalikunja mara nne, akafunga fundo, akaificha ncha. Hakutumia hata nusu dakika. Pakiti ilikaa mezani kama iliyotoka mikononi mwa Zerida.

"Nani alikufundisha?" Kilama aliuliza.

"Mimi mwenyewe. Zingine zinafunguka kwa njia, nazirudisha."

"Na hii chumvi ni ya nini?"

Tabisa aliitazama kwa mara ya kwanza. "Nilifikiri iko ya chakula yenu."

Zerida aliinua uso.

"Ganda lolote linalotoka kwa Zerida lina chumvi," Kilama alisema, kwa sauti ileile aliyotumia kusoma majina ya zamu. "Pakiti tatu zilizounguza watu hazina, mende wamezila. Aliyezifunga anajua kukunja, lakini chumvi haijui. Mbabazi hajui kukunja. Semakula anajua vyote viwili."

"Kukosa chumvi ni kosa?" Tabisa alifoka. "Sheria gani hiyo?"

"Si kosa. Nieleze basi kitu kingine. Unavuka na kikapu kimejaa, unarudi na kikapu kimejaa, unasema zimebaki. Kitu cha bure, Tabisa. Katika soko la watu elfu. Kinabaki vipi?"

Mlango ulifunguliwa, na konstebo aliyetumwa kupekua chumba cha Tabisa, akiwa na hati ya upekuzi mkononi, aliweka mezani ndoo ya krimu nyeupe isiyo na jina la kiwanda na furushi la maganda ya mgomba. Kilama alivunja kipande cha ganda, akakiweka ulimini.

"Halina chumvi," alisema.

Tabisa alikaa chini.

"Sikutaka kuunguza mutu," alisema. "Hiyo ni ya kuchubua ngozi. Naivusha kutoka Kasindi ndani ya ganda, inayobaki naweka kwa ndoo. Ni ya wateja wangu wa Kasese. Wao wanajua, wanachanganya kidogo na mafuta mingi. Jumanne mvua ilinyesha, nikafunika vikapu viwili pamoja. Nikagawa ile haikuwa ya kugawa. Pakiti ishirini."

"Ukaona wanawake wamebabuka, ukajua," Mwesigwa alisema.

"Nikajua. Ningekimbia, mungesema ni mimi. Nikawaleta."

"Kwa ganda langu," Zerida alisema. "Miaka miwili umekula kwangu, Tabisa."

"Ganda yako ndiyo wanaamini! Na kopo wangenishika siku ya kwanza." Tabisa alimgeukia. "Unajua wanawake wananiuliza nini? 'Hii ya Zerida itanifanya mweupe?' Nasema hapana. Wanacheka. Miaka mbili nagawa kitu inaacha mutu vile iko."

Mwesigwa alichukua hati ya mashitaka ya Zerida, akaipasua, akaamuru shehena irudishwe. Zerida hakuinuka.

"Sitoki hapa bila majina," alisema. "Alisema ishirini. Tatu zimeunguza. Kumi na saba ziko wapi? Mutu wa nne akiungua kesho, ni jina langu tena."

Tabisa aliyataja majina, Kilama akayaandika. Jioni hiyo na Ijumaa asubuhi, sajini na mwenye mafuta walipita nyumba kwa nyumba. Watu kumi na mmoja waliposikia habari walikuwa wametupa pakiti zao chooni. Watano walizirudisha, wakaomba nyingine, na Zerida akawapa zake.

Saa tatu kamili, wakati ambao mzigo wake ungekuwa ukiungua sokoni, walifika nyumba ya mwisho, karibu na mto Lhubiriha. Mwanamke kijana alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Pakiti iko," alisema. "Lakini sirudishi."

"Inaunguza," Kilama alisema.

"Inaunguza mutu anapaka yote. Nimesikia. Ukichanganya, inafanya mutu mweupe. Si ndiyo, afande?"

Kilama alianza kutaja kifungu cha sheria. Zerida alimgusa mkono anyamaze. Aliweka kikapu chini, akatandika kitenge kwenye kizingiti, akaketi.

"Utakaa hapo mpaka lini?" mwanamke aliuliza.

"Mpaka unipe."

"Niko na kazi ya shamba."

"Ukitoka, utaniruka. Ukirudi, utanikuta."

Kilama alitazama saa yake, akaandika muda katika daftari, kisha akaketi upande wa pili wa mlango.