Funguo Mbili Katika Nyumba Moja

Kila siku akitoka shule, kazi ya kwanza ya Wisam ilikuwa kulinda mkate. Mama yake alikanda unga, akaupanga uani juu ya visahani vya udongo ili jua liuumue. Wisam alikaa kivulini na kuti la mtende mkononi, akifukuza shomoro na kuku wa jirani, huku akifanya hesabu zake za darasa la sita. Baba alikuwa Kairo, akijenga majumba ya watu.

Mama yake, Rawhia, alikuwa mweka hazina wa chama cha mikopo cha wanawake wa kijiji. Kwa mikopo ile huyu alinunua mbuzi, yule cherehani. Fedha zilikaa chumbani kwao, katika sanduku la chuma lenye makufuli mawili. Mshauri wao, Bi Ikram wa kutoka mji wa Asyut, aliwasaidia kutunga kanuni, na kubwa zaidi ilikuwa hii: ufunguo mmoja ukae kwa mweka hazina, wa pili kwa mwenyekiti, Haja Bahiya. Kamwe zisilale nyumba moja.

"Kwani sisi wezi?" wanawake walimcheka.

Siku Haja Bahiya alipokwenda kumtazama bintiye aliyejifungua, alipita kwa Rawhia na kumnyooshea ufunguo wake.

"Haja, kanuni inasema..."

"Kanuni na ikaoge huko! Unaukataa mkono wangu, Rawhia?"

Kijijini pale, kukataa amana ya mwanamke mtu mzima ni sawa na kumtukana. Mama akaona haya, akaupokea. Funguo zote mbili akazitia ndani ya mtungi wa dengu, Wisam akiona.

Mchana mmoja Mama alikwenda kukata majani ya mifugo. Wisam yuko na mkate wake, mara Shangazi Neamat akaingia bila hodi, ushungi umemlegea. Huyu ni dada yake baba, nyumba zao ukuta kwa ukuta, naye alifuga nyati wa maji kama wengine wafugavyo ng'ombe.

"Nyati wangu wa maziwa anakufa, mwanangu! Daktari wa mifugo hagusi mnyama mpaka aone fedha. Najua Haja amewaachia ufunguo wake, nifungulie lile sanduku. Alhamisi ya mkutano haijafika nitakuwa nimerudisha."

"Msubiri Mama, Shangazi."

"Nyati naye amsubiri mama yako? Haya, kaa! Nitamwambia baba yako kwamba nililia mbele ya bintiye, naye akaendelea kufukuza shomoro."

Wisam aliinuka, akazitoa funguo kwenye mtungi wa dengu, akafungua. Shangazi alichukua alichotaka. Kabla ya kutoka alimshika kidevu. "Ukisema, kumbuka ni mkono wa nani uliofungua."

Tangu hapo nyumba ikamwia Wisam finyu. Chakula hakishuki. Akimtazama Mama, anaona atasema, akikaa mbali naye, Mama anamwita, "Una homa?" Ng'ambo ya ukuta nyati alikuwa amepona, na kila alipolia, Wisam alishtuka kama aliyeitwa kwa jina. Jumatano alimfuata Shangazi zizini.

"Shangazi, mkutano ni kesho."

"Fedha zinaota kwenye mkia wa nyati? Nyamaza, nitajua la kufanya."

Hakujua la kufanya. Alhamisi Mama na Wisam walilipeleka sanduku kwa Haja Bahiya, ambaye alikuwa amerudi; wanawake wakakaa kwenye mkeka, Bi Ikram naye amekuja. Sanduku likafunguliwa, fedha zikahesabiwa. Zikahesabiwa tena. Pungufu.

"Funguo zote zilikuwa kwa nani?" aliuliza Mama Girgis, jirani wa mtaa wa kanisani.

"Kwangu," alisema Mama. "Naapa kwa Mungu sikugusa."

"Basi sanduku limejila lenyewe?"

Hakuna aliyecheka. Haja Bahiya aliinamisha kichwa. Shangazi Neamat, naye mwanachama, alikuwa akichomoa nyuzi za mkeka, moja moja. Mama hakuwa na shahidi hata mmoja. Taratibu akainua mikono, akaanza kufungua herini zake za dhahabu, zile alizovishwa siku ya harusi.

"Zishikeni mpaka mwizi aonekane."

"Mama, zivae!" Wisam alipiga ukelele. "Ni mimi niliyefungua! Nilimfungulia Shangazi, nyati wake alikuwa mgonjwa!"

"Mtoto mwongo huyu!" Neamat aliruka.

"Kaa chini," alisema Mama Girgis. "Wiki ile ulikuja kwangu kuomba hata sukari. Daktari ulimlipa kitu gani, kwato?"

Neamat akajifunika uso, akalia. Alikubali mbele ya wote. Ikaamuliwa kwamba siagi ya nyati yule itauzwa kila soko mpaka fedha zitimie, na hatapata mkopo mpya kabla ya hapo.

"Na kosa la kwanza ni langu," alisema Haja Bahiya. "Mimi ndiye niliyemtwisha ufunguo wangu."

Bi Ikram aliwaomba waongeze kanuni moja: mwenye dharura aombe wazi, na wanakamati watatu wamwamulie siku hiyohiyo. Kisha akasema, "Mlidhani kanuni imeletwa kwa sababu mnashukiwa. Leo mmeona. Inamlinda mwaminifu, asibaki peke yake na kiapo chake."

"Yaishe, Rawhia," wanawake walisema. "Tunakuamini, tuendelee."

"Msiniamini," Mama alijibu. "Hesabuni mbele yangu, mniandikie risiti na mimi. Sitaona vibaya."

Njiani kurudi, Wisam alikuwa akilia kimyakimya. Mama alimvuta ubavuni.

"Ulikosea kufungua, ukakosea zaidi kunyamaza. Siku nyingine jambo likikubana, niletee likiwa bado changa, hata kama mkubwa amekukataza. Mimi nami nilikosea. Niliona haya kusema hapana, na haya yangu ikakufunga wewe. Tutajifunza wote wawili."

Jioni ile Wisam alikula mkate mzima, akaomba mwingine.