Zamu ya Asmahan

Haya yalimkuta rafiki yangu Asmahan, mpiga mandolini wa bluegrass, muziki wa milimani Marekani. Alasiri moja alikwenda kwenye ghala la mazoezi la bendi yao, lisilo na madirisha, mtaa wa Digbeth, Uingereza, kutia mandolini yake nyuzi mpya. Mlango ulipojifunga, taa zikazimika. Gizani akasikia mandolini ikichapa mapigo: cha, cha, cha.

"Waliosema muziki huu si wa Mzanzibari wameshindwa kunitoa," akasema, "sembuse wewe."

Akaimba. Mapigo yakapungua, kama wenzake wa bendi wanavyompisha mwenye zamu ya kuimba. Alipomaliza ubeti, yakapanda tena.

Akaanza ubeti wa pili huku akipapasa hadi kwenye kasha la mandolini yake. Mapigo yalitoka mle ndani. Akalifungua, akapitisha vidole: mandolini ilikuwa kama alivyoiacha jana, haina hata uzi mmoja.